Kupunga Upepo: Bustani za Mji Wetu na Kikao cha Mwanamke

Dada zetu wapenzi, mabiharusi wetu na wale ambao harusi zao tumeshazisahau tarehe lakini utamu wake bado uko mdomoni.

Leo hatuzungumzii liwa wala udi wala mishono ya Eid. Tunazungumzia mahali pa kukaa. Wiki chache zilizopita tuliitwa kwenye mkutano wa shehia katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja. Palikuwa na mchoro ubaoni wa kiwanja cha mtaa kinachotakiwa kutengenezwa kiwe bustani. Kijana aliyeuleta alieleza vizuri: hapa uwanja wa mpira, hapa banda la kahawa, hapa mabenchi, hapa mnara wa taa. Wanaume wa mbele waliuliza masuala mengi. Sisi kina mama tulikuwa nyuma, kama kawaida, na watoto mapajani. Mwisho bibi mmoja akanyanyua mkono akasema, "Mwanangu, mimi nitakaa wapi?" Akajibiwa kwa adabu kwamba mabenchi yapo. Bibi akasema, "Mabenchi nimeyaona. Yako juani, na yamegeukia mpira."

Watu walicheka, mkutano ukafungwa kwa dua, tukarudi majumbani. Lakini suala la yule bibi lilitufuata njia nzima. Tukaanza kujiuliza: katika mji huu wetu, bustani zilitengenezwa na nani, na kwa ajili ya nani? Mwanamke alikaa wapi? Tukaona tuwaandikieni tuliyoyakuta, kwa sababu historia hii ni yetu na bado haijamalizika.

Mtoni: bustani iliyosimuliwa na mwanamke

Tuanzie nje kidogo ya mji, upande wa kaskazini, kwenye magofu ya kasri ya Mtoni. Hapo ndipo alipozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan, ambaye baadaye alihamia Ujerumani na kujulikana kwa jina la Emily Ruete. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Ndani yake anaieleza Mtoni kwa macho ya mtoto aliyekulia pale: ua mkubwa wenye miti, tausi na paa wakizunguka humo, mabwawa ya kuogea, na wanawake wa kasri wakipita huku na huko tangu alfajiri. Si jambo dogo hili. Mojawapo ya picha kamili tulizonazo za bustani ya Unguja ya karne ya 19 tumeachiwa na mwanamke.

Lakini tusiipambe kupita kiasi. Ile ilikuwa bustani ya watu wa kasri. Waliochota maji, waliofagia majani na waliochunga watoto wa wenyewe walikuwa watumwa, na wengi wao walikuwa wanawake. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa haikuondolewa kisheria hapa Unguja mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo tangu mwanzo bustani zetu zina wanawake wa aina mbili: aliyekaa kivulini na aliyekifagia kivuli hicho. Tukisema "zamani wanawake walikuwa na bustani zao", tumkumbuke na huyu wa pili.

Vuga: hamamu iliyogeuka baraza

Sasa tuingie mjini, mpaka Vuga. Wengi wetu tunapita pale kila siku, na pengine hatujui kuwa bustani iliyoitwa Victoria ilikuwa mwanzo ya wanawake wa Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888. Walikuwa wakitoka kasrini kwenda kupumzika huko, na palikuwa na mahamamu yao ya kuogea. Mwaka 1899 Sultan Hamoud bin Mohammed aliitoa bustani ile iwe ya watu wote, na ikapewa jina la Malkia wa Uingereza.

Kuifungua bustani kwa umma ni kheri, hilo hatubishi. Ila tazameni kilichofuata. Juu ya yale mahamamu ya wanawake lilijengwa jumba, na kuanzia mwaka 1926 mpaka 1964 jumba hilo lilikuwa ukumbi wa Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar. Waliokaa humo kuamua mambo ya nchi walikuwa wanaume. Hata uchaguzi wa mwanzo, wa mwaka 1957, ulifanyika bila ya wanawake kupiga kura. Yaani mahali palipokuwa pa wanawake pakawa pa watu wote, na pa watu wote pakawa pa wanaume, bila ya mtu kusema waziwazi kwamba wanawake watoke. Hivyo ndivyo kikao cha mwanamke kinavyopotea. Hafukuzwi. Anakuta tu siku moja kwamba hakuna alipowekewa.

Forodhani na Mnazi Mmoja

Forodhani, kama jina lenyewe linavyosema, palikuwa mahali pa forodha, mizigo ikishuka na kutozwa ushuru mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883. Katikati ya miaka ya 1930 pakatengenezwa bustani iliyoitwa ya Jubilee, wakati wa Sultan Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 mpaka 1960. Palikuwa na kibanda cha bendi katikati, na watu wakaja jioni kusikiliza muziki na kupunga upepo. Bustani ilikuwa ya kila mtu, lakini ilipangwa kwa macho ya sherehe: gwaride, wageni wa heshima, picha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la Jubilee likaachwa. Watu wakabaki na jina lao la tangu hapo, Forodhani.

Mnazi Mmoja ina kisa chake. Zamani mji uligawanywa na mkono wa bahari uliojaa na kukauka kwa maji kupwa na kujaa. Upande mmoja Mji Mkongwe, upande wa pili Ng'ambo, na jina la Darajani ni la daraja lililouvuka. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo, mpaka miaka ya 1950 ukawa umekwisha. Ardhi iliyopatikana ikawa barabara na viwanja. Wakati wa ukoloni sehemu nzuri za viwanja vile zilikuwa za vilabu vya Wazungu, kwa gofu, kriketi na tenisi, na vijana wa Ng'ambo wakapigania nafasi ya mpira. Kiwanja kile kiliachanisha watu kama kilivyowakutanisha.

Hata hivyo, kila ilipofika Eid, Mnazi Mmoja paligeuka. Mabembea, vibanda vya vitu vitamu, watoto na pesa zao za sikukuu mkononi, na kina mama waliovaa nguo mpya chini ya mabuibui, wakitembea wawili wawili usiku bila ya kuulizwa wanakwenda wapi. Bibi zetu wanapoisimulia sikukuu, sura zao hubadilika. Kwa siku zile nne mwanamke alikuwa na uwanja. Siku zilizobaki za mwaka uwanja ulirudi kwa wenyewe.

Ng'ambo: bustani bila ya jina

Na Ng'ambo je? Huko ndiko walikoishi wengi wa watu wa mji, wakiwemo waliotoka utumwani na watoto wao. Siti binti Saad, aliyekuja mjini kutoka Fumba akiwa mwanamke wa shamba asiye na mali, aliishi na kuimba Ng'ambo. Hakukuwa na bustani zilizochorwa. Palikuwa na uwanja kati ya nyumba, mwembe au mkungu katikati, baraza ya mbele kwa wanaume na ua wa nyuma kwa wanawake. Ukili ukisukwa, nywele zikisukwa, mchele ukichaguliwa mawe, habari za mtaa zikitolewa na kupokewa. Bibi harusi akifanyiwa singo ndani, nje uani ngoma ya wanawake inapigwa. Ile ndiyo ilikuwa bustani yetu.

Ardhi yenyewe ilikuwa na mvutano. Watu wa Ng'ambo walijenga nyumba zao juu ya ardhi ya wengine, na wengi waliona kuwa kumwachia masikini mahali pa kukaa ni sehemu ya sadaka na wakfu. Walipotozwa kodi ya ardhi iliyozidi kupanda, mwaka 1928 waligoma kuilipa, na wanawake walikuwemo katika mgomo ule. Tunautaja kwa sababu tunaambiwa mara nyingi kwamba mambo ya ardhi na mipango si ya kina mama. Bibi zetu hawakuwa na habari hiyo.

Baada ya 1964 serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilivunja sehemu za Ng'ambo ya zamani na kujenga majumba marefu ya Michenzani. Watu walipata nyumba za matofali, maji ya bomba na umeme, na hiyo ni neema kwa aliyekuwa akilala chini ya makuti yanayovuja. Ila ghorofa haina ua. Mwanamke wa ghorofa ya tano akitaka kuchambua mchicha na jirani yake, atakaa wapi? Uwanja ulio chini, kati ya jumba na jumba, ndio ulitakiwa uwe ua wa watu wote. Baadhi yake umebaki na miti. Mwingine umeliwa na vibanda na magari.

Michoro mingi, masuala machache

Mji wetu haukukosa mipango. Mwaka 1923 mchoraji wa miji kutoka Uingereza, H. V. Lanchester, alichapisha mpango wake wa Zanzibar. Mwaka 1958 ukaja mpango wa Kendall, naye pia Muingereza. Mwaka 1968 ukaja wa Wajerumani wa Mashariki, na mwaka 1982 wa Wachina. Kila mmoja ulikuwa na rangi ya kijani kwenye ramani, mahali pa viwanja na miti. Na kila mmoja ulichorwa na wataalamu waliotoka mbali, ambao hawakuwahi kumbeba mtoto anayelia kutoka Kikwajuni mpaka Darajani saa nane mchana wakitafuta kivuli.

Hatuwalaumu kwa utaalamu wao. Tunasema tu kwamba rangi ya kijani kwenye karatasi haimwambii mtu mti uko upande gani wa benchi.

Katika miaka ya karibuni mambo mawili yametupa matumaini. La kwanza ni Forodhani. Waliokuwepo wanakumbuka hali yake ilivyokuwa: vumbi, majani yamekufa, ukuta wa bahari unabomoka, wauzaji wakipikia gizani kwa taa za mafuta. Mwaka 2008 kazi ya kuitengeneza ilianza chini ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni pamoja na Serikali, na bustani ikafunguliwa tena mwisho wa Julai 2009. Ukuta ulikarabatiwa, njia zikawekwa mawe, taa zikawaka, wauzaji wa urojo na mishkaki wakapangiwa mahali pao, na watoto wakapata pa kuchezea.

Nini kilibadilika kwa mwanamke? Kitu kimoja kikubwa: mwanga. Penye mwanga na watoto, mama huja. Mama akija na wenziwe, msichana huja bila ya wasiwasi. Leo biharusi aliyemaliza fungate akiletwa na mumewe kula miwa na mishkaki pale ukutani, hakuna anayemshangaa. Hakuna aliyeandika sheria ya kumruhusu. Taa ndiyo iliyomruhusu.

La pili ni mpango wa Ng'ambo Tuitakayo wa miaka ya 2010, ulioandaliwa na Idara ya Mipango Miji na Vijiji ya Zanzibar kwa kushirikiana na mji wa Amsterdam na wenzao. Safari hii walianza kwa kuangalia kilichopo kabla ya kuchora kisichopo: mitaa, baraza, miti, viwanja na mambo ambayo wakaazi wenyewe wanayathamini. Mwaka 2019 ukatoka na kitabu kizima cha ramani za Ng'ambo. Jina la mpango ule tu linatosha kuwa funzo. Tuitakayo. Sasa wanawake tunaitakaje?

Tuyaseme wenyewe

Ndiyo maana tumekaa, baada ya ule mkutano wa shehia, tukaandika karatasi moja na kumpelekea sheha. Tunawapeni na nyinyi, muitumie mtaani kwenu ikifika zamu yenu.

Kivuli kabla ya benchi. Mti mmoja mkubwa uliopo una thamani kuliko miche ishirini ya mapambo itakayokufa kiangazi. Aliyechora azunguke kiwanja baada ya Adhuhuri na baada ya Alasiri, aone jua linapiga wapi, ndipo aweke viti.

Viti vinavyotazamana. Wanawake hawaendi bustanini kutazama mpira. Wanakwenda kuzungumza. Baraza ya mduara chini ya mti, pembeni mwa njia ya wapitao, inatosha.

Watoto waonekane. Mabembea yawe mbele ya macho ya mama aliyekaa, isiwe upande wa pili wa kiwanja nyuma ya banda.

Choo safi na maji ya udhu. Mwanamke mwenye mimba, mwenye mtoto mchanga, au mtu mzima hawezi kukaa mahali pasipo na choo. Na penye maji, Magharibi ikiingia, mtu ataswali hapohapo, pembeni palipositirika kidogo, badala ya kukimbilia nyumbani.

Taa za chini, za njiani. Mnara mmoja mrefu katikati unaangaza mpira na kuacha pembe zote gizani, na kwenye pembe ndiko tunakopita.

Na la mwisho, ambalo ndilo linaloua bustani nyingi: nani atafagia? Balbu ikiungua nani atanunua nyengine? Mchoro usiotaja jina la mwenye ufagio ni mchoro wa mwaka mmoja.

Haya si mambo ya kisasa tuliyoyaiga. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kila anachokula mtu, ndege au mnyama kutokana na mti huo ni sadaka kwake. Ametuonya tusichafue njia wala kivuli wanachokaa watu. Na alipowaona watu hawawezi kuacha kukaa kwenye mabaraza ya njiani, aliwaambia wape njia haki yake: wainamishe macho, waondoe maudhi, warudishe salamu, waamrishe mema na kukataza mabaya. Ukiyatazama vizuri, hayo ndiyo masharti ya bustani njema. Kuinamisha macho ni wajibu wa anayekaa, na huo ndio ulinzi wa kwanza wa mwanamke anayepita. Ukuta na uzio vinakuja baadaye.

Wapo miongoni mwetu wanaosema mwanamke wa heshima atakaa nyumbani, bustani ya nini. Tunawaheshimu. Lakini tunawakumbusha kuwa nyumba walizokaa bibi zetu zilikuwa na ua, upepo na jirani wa kuzungumza naye. Msichana anayeolewa leo mara nyingi anaingia chumba kimoja na sebule, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Akizaa, atakaa humo na mtoto kuanzia asubuhi mpaka mume arudi kazini. Sitara tuliyoamrishwa haikuwa kumfungia mtu mahali asipopata pumzi. Ua umeondoka. Basi mtaa umpe ua.

Kwa mabiharusi wetu tuna ombi dogo. Katika bajeti ya harusi, baada ya ukumbi, keki na mapambo ya siku moja, tengeni kiasi kidogo cha mche wa mkungu au mwembe, mkaupande kwenye kiwanja cha mtaa mnaohamia, kwa idhini ya sheha. Umwagilieni mwaka wa kwanza. Sadaka hiyo itaendelea hata picha za ukumbini zikichakaa.

Na yule bibi? Karatasi yetu ilipofika kwa sheha, yule kijana wa mchoro alirudi mtaani, safari hii baada ya Alasiri, akamkuta bibi kakaa kwenye gogo la mkungu ulio pembeni mwa kiwanja, mahali anapokaa siku zote. Katika mchoro wa mwanzo mkungu ule ulikuwa umewekewa alama ya kukatwa, ili magari yapate njia. Kijana alikaa naye kitambo. Hatujui mchoro wa mwisho utakuwaje, na mkutano wa pili bado haujaitwa. Tunachojua ni kwamba mkungu upo bado, na ukiitwa mkutano huo hatutakaa nyuma, inshaallah.

Nanyi dada zetu, mtaani kwenu kuna mti gani, na nani anakaa chini yake? Nendeni mkatazame leo jioni. Wabillahi tawfiq.